Nani Aliyebadilisha Hewa? Uhakiki wa Lugha ya Lawama katika Mjadala wa Ukame wa Machakos

1. Utangulizi

Mjadala wa hadhara juu ya chanzo cha mabadiliko ya tabianchi umeendeshwa kwa miaka mingi na wanasayansi, wanasiasa na waandishi wa magazeti. Wataalamu wa Kiswahili wameuingia aghalabu kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa istilahi: ni neno gani lifaalo, tabianchi au hali ya hewa, hewa ukaa au kaboni, gesijoto au gesi chafu? Kazi hiyo ni ya lazima, wala haidharauliki hapa. Lakini istilahi ikishapatikana hutiwa katika sentensi, na sentensi huwa na mtenda na mtendwa. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi sentensi za Kiswahili zinavyomtaja, au zinavyomficha, mtenda wa jambo hili, na kuonyesha kwa mfano wa Machakos kwamba suala hilo si la sarufi peke yake.

Machakos inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya mvua haba, yenye misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba. Msimu ukikosekana, kila nyumba hujua siku ile ile. Pili, swali la nani ameiharibu nchi lilikwisha kuulizwa huko na kujibiwa na serikali ya kikoloni zaidi ya miaka themanini iliyopita, na jibu lake likawagharimu watu mifugo yao. Anayetaka kujua neno la lawama laweza kufanya nini likishatiwa muhuri wa serikali hana haja ya kwenda mbali.

2. Mtenda katika istilahi

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Mabadiliko ni jina lililotokana na kitenzi badilika, ambacho ni cha kauli ya kutendeka. Kitu kilichobadilika kimebadilika; kitenzi hakidai kuwe na aliyekibadilisha. Ndivyo lilivyo pia neno ongezeko, kutokana na ongezeka, katika fungu la maneno ongezeko la joto duniani. Ndivyo ulivyo mmomonyoko, kutokana na momonyoka. Majina haya yote matatu yanaeleza jambo kama lililojitokea lenyewe, mfano wa tunda lililoanguka kwa kuiva.

Sasa yalinganishwe na majina yanayotumiwa kueleza vitendo vya wenyeji: ukataji miti, uchomaji makaa, uchimbaji mchanga, ulishaji wa kupita kiasi. Haya yameundwa kwa vitenzi vya kutenda, nayo yana kiambishi tamati -ji, ambacho katika Kiswahili ni alama ya mtu afanyaye jambo kwa mazoea. Kipimo ni rahisi. Badili kiambishi awali u- kiwe m-, na mara mtu hutokea mbele ya macho: mkataji, mchomaji, mchimbaji. Jaribu kufanya hivyo kwa mabadiliko au ongezeko, hapatokei mtu yeyote.

Kwa hiyo mgawanyiko ni huu: mambo makubwa ya dunia nzima yamepewa majina yasiyo na mtenda, na mambo madogo ya kijijini yamepewa majina ambayo mtenda wake amekaa ndani yake. Msikilizaji wa hotuba ya baraza akiambiwa kwamba ukataji miti umeleta mabadiliko ya tabianchi, amesikia sentensi yenye mtu mmoja tu, naye ni jirani yake mwenye shoka.

Huenda mtu akapinga kwamba istilahi ya kisayansi haina wajibu wa kushtaki, na kwamba Kiingereza nacho kinasema vivyo hivyo. Pingamizi hili lina uzito kwa upande wa jina la jambo. Tukio lazima liwe na jina, na jina si hukumu. Lakini Kiswahili hakikukosa njia nyingine. Lugha hii hii ina geuka na geuza, na kutokana nayo imepata mageuko na mageuzi. Kila Mkenya aliyeishi katika miaka ya 1990 anajua kwamba mageuzi ya kisiasa hayakujitokea yenyewe; yalikuwa na walioyadai na walioyazuia. Ni dhahiri basi kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anazo zana za kutofautisha kilichogeuka na kilichogeuzwa. Kasoro haimo katika lugha. Imo katika uteuzi.

Hata pale mtenda wa mbali anapokaribia kutajwa, sentensi humtorosha. Usemi uliozoeleka ni gesi zinazotolewa viwandani. Kitenzi ni cha kutendwa, na nafasi ya mtenda imeshikwa na mahali. Kiwanda ni jengo. Jengo halina nia, halina faida wala hasara. Mwenye kiwanda, mnunuzi wa bidhaa zake na serikali iliyompa kibali wote wamejificha nyuma ya kiambishi -ni.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni hewa ukaa. Istilahi hii imeundwa kwa ufundi, nayo inafuata njia ile ile iliyofuatwa na Kilatini, ambamo jina la kaboni latokana na neno la makaa. Lakini neno huishi masikioni mwa watu wa mahali fulani. Katika barabara za Ukambani makaa ni gunia lililosimamishwa kando ya njia, likingoja mnunuzi anayekwenda Nairobi. Petroli na makaa ya mawe hayaonekani katika sikio hilo. Siku hizi karibu sehemu tisa kwa kumi za hewa ukaa inayotolewa kila mwaka na shughuli za binadamu hutokana na makaa ya mawe, mafuta ya petroli, gesi ya ardhini na utengenezaji wa saruji; sehemu iliyobaki hutokana na matumizi ya ardhi, pamoja na ukataji wa misitu. Istilahi haikukusudia kuugeuza uwiano huo, lakini haimsaidii msikilizaji kuufahamu.

3. Lawama ya 1937 na matokeo yake

Mnamo 1937, Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo katika serikali ya kikoloni, aliandika ripoti juu ya mmomonyoko na matumizi ya ardhi katika hifadhi ya Wakamba. Ripoti hiyo iliichora Machakos kama nchi inayokimbilia kuwa jangwa la mawe na mchanga, na sababu iliyotolewa ilikuwa ongezeko la watu na la mifugo yao chini ya amani ya Waingereza. Ikisomwa kama matini, ripoti hiyo ina mtenda mmoja anayetajwa waziwazi, naye ni mwenyeji. Serikali inatokea ndani yake kama mfadhili aliyekuwa mpole kupita kiasi.

Maelezo hayo hayakuwa uongo mtupu. Makorongo yalikuwepo, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Waliokuwa wakiishi kwenye miteremko ya Iveti na Kangundo waliyaona kila siku. Lililokosekana ni nusu ya pili ya sentensi. Wakamba walikuwa wamezungushiwa mipaka. Ardhi nzuri ya vilima vya Mua ilikuwa imegawiwa walowezi, na uwanda wa Yatta, uliokuwa malisho yao ya wakati wa shida, ulikuwa umefanywa ardhi ya Mfalme. Mfugaji aliyezoea kuhama mvua zinapokosekana alilazimishwa kukaa mahali pamoja, kisha akashtakiwa kwa sababu ng'ombe wake walikula majani ya mahali pamoja. Aliyechora mpaka hakuingia katika orodha ya visababishi.

Katika 1938 hukumu hiyo ilitekelezwa. Serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, na ng'ombe wakauzwa kwa mnada kwa bei duni, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mnamo Julai mwaka huo, Muindi Mbingu na zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kutaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliachana na mpango wa kuuza mifugo kwa shuruti. Leo jina lake limo katika mtaa mmoja wa Nairobi.

Funzo la kisa hiki kwa mhakiki wa lugha ni la wazi. Ripoti ilikuwa na ukweli fulani wa kisayansi na mtenda pungufu. Ukweli ule ulitumiwa kuthibitisha upungufu ule. Watu wa Machakos hawakutembea hadi Nairobi kwa sababu walikana kwamba udongo unamomonyoka; walitembea kwa sababu walikataa kuwa watenda peke yao katika sentensi ya serikali.

4. Watu zaidi, mmomonyoko pungufu?

Mnamo 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoipindua hoja ya 1937. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi ya watu katika Wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, iliongezeka mara tano au zaidi, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka mashambani na mazao kwa kila mtu yakapanda. Waliochukuliwa kuwa waharibifu waligeuka kuwa watengenezaji. Hapana shaka kwamba kitabu hicho ni miongoni mwa maandishi muhimu yaliyopata kuandikwa juu ya nchi hiyo.

Hata hivyo, kichwa cha kitabu chenyewe kinastahili kuhakikiwa. Kinasema kuhusu watu zaidi na mmomonyoko pungufu, bila kitenzi chochote. Msomaji mwenye haraka hupata kanuni ya hesabu: wingi wa watu ndio uliofanya kazi. Kumbe kazi ilifanywa na watu waliokuwa na mahali pao maalumu: waliokuwa karibu na soko la Nairobi, waliopata bei nzuri ya kahawa, waliokuwa na mishahara ya mjini ya kuajiri vibarua wa kulima matuta. John Murton, aliyechunguza Mbooni na kuandika mnamo 1999, alionyesha kwamba maendeleo hayo hayakuwafikia wote kwa usawa. Waliokosa mshahara walizidi kubaki nyuma. Kabla yake, mnamo 1995, Dianne Rocheleau na wenzake walikuwa wamebainisha kwamba karne nzima ya Ukambani imesimuliwa kama mfululizo wa majanga na kampeni za kuyaokoa, na kwamba kila msimuliaji alichagua janga lililomfaa.

Hoja hii ya mwisho yaweza kupanuliwa kwa ushahidi wa Kikamba chenyewe. Wakamba huzipa njaa majina, na jina la njaa aghalabu ni nadharia fupi ya chanzo chake. Njaa ya 1984 iliitwa Nikw'a ngwete, yaani nafa hali nimeshika, maana mtu alikuwa na fedha mkononi na dukani hamna chakula. Waliotunga jina hilo waliishi katika ukame mkali, lakini hawakuyataja mawingu. Walitaja soko. Jina moja la maneno mawili linamtofautishia msikilizaji uhaba wa mvua na uhaba wa chakula, jambo ambalo taarifa ndefu za Kiswahili cha ofisini hushindwa kulifanya.

5. Ukame wa 2020 hadi 2023

Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa hafifu katika sehemu kubwa za Pembe ya Afrika, zikiwemo sehemu kame za Kenya. Mnamo Aprili 2023 kundi la wanasayansi wa World Weather Attribution lilitoa uchunguzi uliosema kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliufanya ukame huo wa kilimo uwezekane kama mara 100 zaidi, hasa kwa kuwa joto lililoongezeka lilinyonya maji ya udongoni na mimeani. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, lililoundwa mnamo 1988, lilikuwa limekwisha kutamka katika 2021 kwamba haina shaka kuwa shughuli za binadamu ndizo zilizoipasha dunia joto.

Neno binadamu katika kauli hizi ni sahihi kisayansi, kwa maana linatofautisha kazi ya watu na kazi ya jua au volkano. Lakini likishaingia katika mjadala wa hadhara hufanya kazi nyingine. Binadamu ni sote. Mwenye ndege yake binafsi ni binadamu, na bibi wa Masii abebaye kuni mgongoni ni binadamu. Mchango wa Kenya katika gesijoto za dunia nzima, kwa hesabu ya serikali yenyewe, haufiki asilimia 0.1. Methali husema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa janga limechumwa kwingine na linaliwa Masii, na wachumaji na walaji wanaitwa kwa jina moja. Inafaa kukumbuka kwamba Kyallo Wadi Wamitila, katika riwaya yake Bina-Adamu! ya 2002, aliligawa neno hilo kwa kistari na kumtuma mhusika wake azunguke dunia kumtafuta aliyeleta maangamizi. Mtunzi alikwisha kuona kwamba neno linalowajumlisha wote lahitaji kupasuliwa kabla halijatumika.

Katika upande wa siasa, Azimio la Nairobi la Septemba 2023, lililotokana na mkutano wa viongozi wa Afrika juu ya tabianchi, lilitamka kwamba Afrika haibebi dhamana ya kihistoria ya joto hili, na likapendekeza kodi ya kaboni ya dunia nzima. Huo ulikuwa usemi wenye mtenda. Lakini ndani ya nchi, lugha iliyosikika zaidi ilikuwa ya miti: mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na siku ya mapumziko ya kupanda miti mnamo tarehe 13 Novemba 2023. Kabla ya hapo, Februari 2018, serikali ilikuwa imesimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, huku kukauka kwa mito kukielezwa kwa shoka na msumeno. Hivyo taifa moja lina lugha mbili: mbele ya wageni mtenda yuko Ulaya na Marekani, na mbele ya raia mtenda yuko kijijini.

Kosa la kuamini kwamba mtenda yuko mbali daima nalo lisiachwe bila kutajwa. Mchanga wa mito ya Machakos umejenga Nairobi, na unapochotwa kupita kiasi mto hushindwa kuhifadhi maji yake. Viwanda vya saruji vya Athi River vimo ndani ya mipaka ya Kaunti ya Machakos, na chokaa ikichomwa kutengeneza saruji hutoa hewa ukaa. Kiongozi wa mahali anayeyasukumia yote kwa mataifa tajiri huwa ameandika sentensi pungufu kama ile ya 1937, isipokuwa upungufu umehamia upande wa pili. Mwenyeji naye si kitu kimoja: mwenye lori la mchanga, mpakiaji wa mchanga huo na mkulima aliyekaukiwa na kisima hawawezi kuwekwa katika kiima kimoja.

6. Fanya juu

Upo msamiati mmoja wa Kiswahili uliokomaa Machakos ambao hauna kasoro zilizotajwa. Ni fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta. Miaka ikipita, shamba hujitengeneza ngazi. Udongo ukitupwa upande wa chini, ni fanya chini. Maneno haya mawili ya amri yameingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo duniani kote bila kutafsiriwa.

Historia yake nayo inafundisha. Katika miaka ya 1940 matuta yalichimbwa kwa shuruti, na watu wakayachukia. Kuanzia miaka ya 1950 waliyachukua kuwa yao, wakayalima katika vikundi vya mwethya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake. Kitenzi kilikuwa kile kile. Aliyebadilika ni mwenye kukitamka. Fanya inayotoka kwa afisa na fanya inayotoka kwa jirani mwenye jembe mkononi si amri moja.

Hata hivyo fanya juu lina mpaka wake. Linajibu swali la udongo, halijibu swali la joto. Tuta huzuia maji ya mvua yaliyonyesha. Haliwezi kuiita mvua isiyonyesha wala kuzuia jua lisinyonye shamba. Mjadala unaposifu juhudi za wakulima wa Machakos na kuishia hapo, umewarudishia mzigo wote kwa heshima badala ya kwa matusi.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa chanzo cha ukame Machakos unachanganya maswali matatu: nini kimeongeza joto la dunia, nini kimepunguza mvua ya msimu fulani, na nini kimeifanya ardhi na jamii zishindwe kuuhimili upungufu huo. La kwanza lina jibu lililothibitishwa na watenda wanaohesabika kwa viwango vyao. La pili linahitaji uchunguzi wa kila msimu, maana mawimbi ya joto ya bahari za Hindi na Pasifiki nayo yana sehemu yake. La tatu lina historia ndefu ya mipaka, masoko, mishahara na mashoka. Sentensi inayolijibu swali moja kwa jibu la jingine haifai, hata ikiwa kila neno lake ni sanifu.

Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Maana yake ni kwamba maneno yanayojadiliwa hapa yanaweza kuwa katazo, faini au fidia. Yapendekezwa basi kwamba wanaotunga istilahi waende hatua moja mbele na kutoa pia sentensi za mfano zenye mtenda na kiwango chake. Kwamba wafasiri wa sheria na taarifa za tabianchi wasibadili kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa pasipo sababu. Na kwamba walimu wanaotoa insha juu ya mazingira waache kudai orodha ya madhara ya ukataji miti peke yake. Mwanafunzi wa Mwala au Kathiani apewe kazi ya kuandika aya moja inayoeleza kwa nini kisima cha kwao kimekauka, kila kitenzi kikiwa na mtenda wake, kisha darasa lijadili ni nani ameachwa nje.